Mlango wa Kutokea: Jinsi ya Kumtegemea Mungu Kishawishi Kinapokuja

Neno "jaribu" katika Kiswahili limebeba mizigo miwili. Ugonjwa wa mtoto, kufutwa kazi na msiba tunaviita majaribu. Hamu ya kufungua picha chafu kwenye simu usiku wa manane, au ya kuweka mkeka wa kubeti kwa hela ya ada, nayo tunaiita jaribu. Wakatoliki katika Baba Yetu husema "usitutie katika kishawishi", wasomaji wa Biblia ya Union husema "usitutie majaribuni", na hata Kigiriki cha Agano Jipya kina neno moja, peirasmos, kwa mambo yote mawili. Ni vema kuyatenganisha mapema, kwa sababu hayashughulikiwi kwa namna moja. Taabu unaombewa uvumilivu, unakaa ndani yake na Mungu mpaka ipite. Kishawishi hukikalii. Unakitoka.

Mwongozo huu ni wa hicho cha pili, na umesimama juu ya mstari mmoja, 1 Wakorintho 10:13. Wengi huunukuu kwa nusu: "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba," wakaishia hapo. Paulo aliandika zaidi ya hayo. Alisema Mungu ni mwaminifu, hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo, "lakini pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea, ili mweze kustahimili." Ahadi imekuja na mlango. Kumtegemea Mungu katika saa ya kishawishi ni kuamini kwamba mlango upo, kumwomba akuonyeshe ulipo, na kuinuka upite. Mlango huo huwa mpana mwanzoni, na kadiri unavyosogelea dhambi unazidi kuwa mwembamba. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu saa kadhaa, au hata siku kadhaa, kabla ya kishawishi chenyewe.

Kuna waumini wa aina mbili wanaoanguka kila mara kwenye shimo lile lile. Mmoja anakaza meno, anaapa kwamba hatarudia, na Mungu humkumbuka akishaanguka tu. Mwingine anasema "namwachia Mungu", kisha anakaa pale pale alipoangukia jana, simu ile ile mkononi, akingoja hamu iondolewe kama mtu anayengoja dawa ya maumivu ifanye kazi. Wafilipi 2:12-13 inawajibu wote wawili kwa pumzi moja: utimizeni wokovu wenu, kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Mungu anapotenda kazi ndani ya mtu, miguu ya mtu huyo husogea.

Jambo moja zaidi kabla ya hatua zenyewe. Kushawishiwa si dhambi. Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Mtu asiyelijua hili hujikuta wazo baya limepita kichwani, anajiona ameshachafuka, na anajisemea "basi, nimeshaharibu, acha nimalizie." Wengi wameangukia kwenye sentensi hiyo moja. Wazo likipita, uko mwanzoni kabisa, na mlango bado uko wazi.

Hatua ya 1: Liandike jambo lako kwa jina lake

Nunua daftari dogo. Kwa siku 14, kila hamu inapokuja, iwe umeanguka au umeshinda, andika mambo matano: siku na saa, mahali ulipokuwa, uliyekuwa naye, hali ya mwili wako (njaa, uchovu, hasira, upweke, au furaha ya kupokea hela), na kilichotangulia katika saa mbili zilizopita. Usiandike insha. Mstari mmoja unatosha: "Ijumaa, saa 5 usiku, chumbani, peke yangu, nimechoka, nimegombana na mke wangu saa 3."

Tumia jina halisi. "Udhaifu wangu", "mambo ya ujana" na "vita vya kiroho" ni maneno ya kujifichia. Andika: kubeti. Picha za ngono. Pombe. Mazungumzo na mume wa mtu. Kupokea hela ya mteja ofisini. Kumpiga mtoto kwa hasira. Kama unaogopa daftari litaonekana, tumia alama unayoijua mwenyewe, ila katika sala uliseme kwa jina lake.

Yakobo 1:14 ndiyo sababu ya kazi hii. Anasema kila mmoja hujaribiwa "na tamaa yake mwenyewe". Jirani yako anaweza kupita mbele ya baa kila siku asihisi lolote, na wewe unaweza kupita mbele ya duka la kubeti usilione. Ushauri wa jumla hausaidii mpaka ujue tamaa yako inapita barabara gani. Wiki mbili zikiisha utaona mpangilio. Kwa watu wengi mambo hayatawanyiki siku nzima, hukusanyika katika saa mbili au tatu za wiki: Ijumaa usiku, siku ya mshahara, safari za kikazi, Jumapili jioni baada ya ibada nzuri.

Hiyo ya Jumapili jioni inashangaza wengi, lakini ni ya kawaida. Ibada ndefu, huduma ya madhabahuni, kuongoza kwaya: mwili unachoka, moyo unajiona umelipa deni lake, na ulinzi unashuka. Yesu mwenyewe alijaribiwa nyikani baada ya kubatizwa, akiwa amefunga siku 40 na akiona njaa.

Hatua ya 2: Rudi nyuma utafute mlango wa kwanza

Chukua anguko moja kutoka kwenye daftari ulifuate kinyumenyume. Mfano mzuri wa kujifunzia uko 2 Samweli 11, kwa sababu mwandishi ameihesabu milango mmoja mmoja. Mstari wa 1: ni wakati wafalme watokapo kwenda vitani, lakini Daudi amemtuma Yoabu, yeye amebaki Yerusalemu. Mstari wa 2: jioni anaondoka kitandani, anatembea juu ya dari ya jumba la mfalme, anamwona mwanamke anaoga. Mstari wa 3: anatuma mtu kuuliza ni nani. Anajibiwa waziwazi kwamba ni Bath-sheba, mkewe Uria, Mhiti. Mstari wa 4: anatuma wajumbe wamlete.

Hesabu. Mlango wa kwanza ulikuwa kwenda vitani. Wa pili, kugeuza macho na kushuka darini. Wa tatu, kutouliza. Wa nne ulikuwa jina la Uria, mmoja wa mashujaa wake, na huo Mungu aliupitisha katika kinywa cha mtumishi. Daudi aliupita huo pia, na alipofika mstari wa 4 ilikuwa imebaki nafasi ya sindano.

Sasa fanya hivyo hivyo na lako. Tuseme umeweka mkeka Jumamosi saa 9 alasiri kwa hela ya kodi ya nyumba. Kabla ya hapo ulifungua programu ya kubeti ili "kuangalia odi tu". Kabla ya hapo ulisoma ujumbe wa bonasi. Kabla ya hapo ulikaa kijiweni na watu wanaochambua mechi. Kabla ya hapo hela yote ya mwezi ilikuwa kwenye simu. Na kabla ya hayo yote, Jumatano, mwenye nyumba alikudai mbele ya watu ukaona aibu. Mlango mpana kabisa ulikuwa Jumatano: kumwambia Mungu aibu ile, kumwambia mkeo ukweli wa hali ya fedha, na kwenda kuomba muda kwa mwenye nyumba. Watu hawautambui kwa sababu haufanani na mambo ya kiroho.

Andika mlango wa kwanza wa kila anguko upande wa kulia wa ukurasa. Hiyo ndiyo orodha yako ya kuombea.

Hatua ya 3: Ziba njia, na uzizibe ukiwa mtulivu

Warumi 13:14 inasema "mvaeni Bwana Yesu Kristo, wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake." Kuna wanaoona kufuta programu au kubadili njia ya kurudi nyumbani ni ukosefu wa imani. Mtazame Yusufu. Mwanzo 39:10 inasema mke wa Potifa alimsemesha siku baada ya siku, naye hakumsikiliza alale naye, "wala akae naye". Alijinyima hata kukaa naye. Na siku ambayo hilo halikutosha, alikimbia akaacha nguo yake. Yusufu alimwamini Mungu sana, na aliamini pia kwamba mwili wake ni mwili.

Ziba njia mchana, umeshiba na umetulia. Saa ya hamu utajipa ruhusa ya kila kitu.

Kwa picha za ngono: simu haiingii chumbani usiku. Ichajie sebuleni au jikoni, na kama ni ya kukuamshia, nunua saa ya mezani. Hatua hii peke yake inasaidia kuliko nyingine zote za kundi hili. Kwenye simu ya Android kuanzia toleo la 9, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta sehemu ya DNS ya faragha, uandike family.cloudflare-dns.com. Tovuti nyingi chafu zitazuiwa, uwe kwenye bando au kwenye Wi-Fi. Ujue mipaka yake: haizuii video zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, na programu ya VPN inaipita. Kwa hiyo ondoka kwenye makundi hayo, zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha ndani ya WhatsApp, futa VPN, kisha mwombe mwenzi wako au rafiki aweke nenosiri la duka la programu, alijue yeye tu.

Kwa kubeti: kufuta programu hakutoshi, kwa kuwa akaunti inabaki na ujumbe wa bonasi unaendelea kuingia. Wasiliana na kampuni uombe akaunti ifungwe, kisha zuia namba zinazokutumia matangazo. Toka kwenye makundi ya mikeka. Kubwa zaidi ni hela. Siku mshahara unapoingia, ndani ya saa ile ile, lipa kodi, ada, chakula cha mwezi na sadaka. Akiba ipeleke SACCO au kikoba. Kwenye simu ibaki nauli na matumizi ya siku chache. Kama umeoa na mmeaminiana, mwenzi wako ashike iliyobaki. Na ukishinda mkeka wa mwisho, usiutolee fungu la kumi ukidhani umetakasika. Kitu kimoja humrudisha mchezaji kuliko tamaa ya utajiri, nacho ni wazo la "nirudishe nilichopoteza, halafu niache." Liandike wazo hilo ukutani kama adui anayejulikana. Kilichopotea kihesabu kimezikwa. Madeni yaliyobaki, hasa mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, yaorodheshe yote kwenye karatasi moja na umwonyeshe mtu mmoja mwenye busara ya fedha.

Kwa rushwa na udanganyifu wa kazini, njia huzibwa kwa sentensi. Danieli 1:8 inasema aliazimu moyoni mwake asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, kabla sahani haijafika. Kisha akaja na pendekezo la adabu: mtujaribu siku 10. Andaa maneno yako leo: "Mzee, hilo nisamehe, siwezi. Lakini faili lako nitalifuatilia kwa utaratibu, njoo Alhamisi." Yaseme kwa sauti mara kadhaa ukiwa nyumbani mpaka yatoke bila kigugumizi. Asiye na maneno tayari hubaki akitabasamu, na tabasamu lile linahesabiwa kuwa ndiyo.

Kwa uhusiano usiofaa: futa namba na mazungumzo ya zamani, na usiandike ujumbe mrefu wa kuaga. Ujumbe wa kuaga ndio unaofungua mazungumzo upya. Kama ni mtu wa kazini au wa kwaya, zungumza naye mbele ya watu, kwa mambo ya kazi tu, na omba kubadilishiwa kundi ikibidi.

Hatua ya 4: Maneno matatu, siyo thelathini

Yesu nyikani alijibu mara tatu, na majibu yote matatu yametoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6: mtu hataishi kwa mkate tu, usimjaribu Bwana Mungu wako, msujudie Bwana Mungu wako, umwabudu yeye peke yake. Kila jibu limelenga uongo uliosemwa. Angalia pia kwamba Shetani naye alinukuu, tena Zaburi ya 91. Kwa hiyo kujua mistari mingi hakutoshi. Unahitaji ule unaokanusha uongo wako.

Anza na uongo. Hamu yako inakuambia nini? Ya kubeti husema, "Mungu amekusahau, jisaidie." Jibu lake ni Waebrania 13:5: "mwe radhi na vitu mlivyo navyo, kwa kuwa yeye mwenyewe amesema, Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." Ya picha chafu husema, "hakuna anayeona na hakuna anayeumia." Yusufu alishaijibu kwenye Mwanzo 39:9: nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu? Hasira husema, "usipompigia kelele hatakuheshimu," na Mithali 15:1 inajibu kwamba jawabu la upole hugeuza hasira. Kwa anayekata tamaa, chukua Waebrania 4:16: tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, tupate neema ya kutusaidia wakati wa mahitaji.

Chagua mitatu. Tumia siku tano kwa kila mmoja: siku ya kwanza uandike kwa mkono mara tano, siku zinazofuata useme kwa sauti asubuhi, mchana na usiku, bila kutazama. Baada ya wiki mbili na siku moja utakuwa nayo mitatu kinywani. Sema kinywani, maana mstari uliopo kichwani tu huwa mgumu kupatikana hamu ikishapanda.

Hatua ya 5: Sala ya asubuhi inayotaja saa

Robo saa inatosha, ukiifanya kila siku. Dakika tano soma kifungu kifupi, Injili au Zaburi. Dakika tano mshukuru Mungu na ungama ya jana. Dakika tano za mwisho ombea saa maalumu za siku ile, ukitumia daftari lako: "Bwana, leo saa 11 jioni nitapita pale stendi nikiwa nimechoka. Peke yangu siwezi. Nionyeshe mlango na unipe miguu ya kuupita." Yesu alisema katika Yohana 15:5 kwamba pasipo yeye hatuwezi kufanya neno lolote, na sala ya namna hii ndiyo kulikubali neno hilo kwa vitendo.

Kosa lililoenea ni kuomba jambo moja tu: "Mungu niondolee hamu hii." Wakati mwingine huiondoa, na kuna watu wameokoka wakaacha pombe siku ile ile. Wengine wanaipata neema ya kukataa leo, na kesho tena, kwa miaka. Ukiomba kuondolewa hamu peke yake, siku ikirudi utasema Mungu hakusikia. Omba pia nguvu ya kupita ikiwepo.

Kufunga kunasaidia, kwa kuwa kunaufundisha mwili kwamba unaweza kuambiwa "subiri". Anza kidogo: siku moja kwa wiki, kutoka asubuhi mpaka saa 9 alasiri, ukinywa maji. Mwenye kisukari, vidonda vya tumbo, mjamzito na anayenyonyesha asifunge chakula bila kuzungumza na daktari. Anaweza kufunga mitandao au televisheni. Funga siku ambayo si siku yako ya hatari, kwa sababu njaa yenyewe ni moja ya milango ya kuingilia. Usifunge kulipia dhambi ya jana. Hiyo imelipwa msalabani.

Hatua ya 6: Saa yenyewe

Hamu ina tabia ya wimbi. Hupanda, hufika kilele, kisha hushuka, na mara nyingi hufanya hivyo ndani ya nusu saa usipoilisha. Huhitaji kushinda mwaka mzima usiku ule. Unahitaji kuvuka nusu saa hiyo, na dakika 10 za kwanza ndizo nzito.

Kwanza, inuka. Toka chumbani, toka dukani, shuka kwenye gari. Usianze kusali ukiwa bado umelala na simu chini ya shuka. Sala hiyo huishia katikati. Paulo alimwandikia Timotheo "zikimbie tamaa za ujanani", na kukimbia ni kazi ya miguu. Pili, ita kwa sauti, kwa maneno machache: "Yesu, nisaidie sasa." Petro alipoanza kuzama alisema "Bwana, niokoe," akashikwa mkono papo hapo. Tatu, sema mstari wako. Nne, mpigie mtu wako au mtumie neno moja mlilokubaliana. Tano, ipe mikono kazi: osha vyombo, fua, chota maji, tembea mpaka barabarani pale penye watu. Kama una njaa, kula. Kama umechoka, lala mahali ambapo wenzako wanakuona. Eliya alipotamani kufa chini ya mretemu, malaika alimlisha, akalala, akamlisha tena, na mazungumzo yakaja baadaye.

Usibishane na kishawishi. Hawa alianza kwa kumjibu nyoka maswali. Ukijikuta unajenga hoja ("ni mara moja tu", "nimekuwa mwema wiki nzima"), ujue umeshaketi mezani, na unachotakiwa ni kuinuka.

Hatua ya 7: Mtu mmoja anayejua

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulishika sana jambo moja: kutembea nuruni. Ndugu walikutana, wakaungama kwa kutaja mambo, wakaombeana. Yakobo 5:16 inaagiza hivyo hivyo. Dhambi inayojulikana na Mungu na wewe peke yako inaweza kuishi miaka 20. Akiijua mtu wa tatu, inaanza kukosa hewa.

Mchague kwa makini. Awe wa jinsia yako. Awe ametangulia katika imani. Asiwe mtu wa kupeleka habari, na asiwe anayehangaika na jambo lile lile wiki hii. Anaweza kuwa mzee wa kanisa, mama mlezi wa vijana, au rafiki wa zamani. Mkatoliki ana padri na sakramenti ya kitubio, ambayo siri yake haivunjwi, lakini hata yeye anafaidika na ndugu wa kumpigia simu saa 5 usiku. Kuungama mbele ya kusanyiko zima kama ushuhuda hatukushauri kwa mambo ya mwili na ya ndoa: maneno hayarudi, na mkeo au mumeo ataaibika bila kuulizwa.

Kubalianeni maswali matatu na siku mbili za wiki, kwa mfano Jumanne na Ijumaa. Je, umeanguka? Saa gani ilikuwa ngumu? Wiki ijayo una safari, hela au upweke gani? Swali la tatu ndilo lenye faida zaidi, kwa maana linaangalia mbele. Ujumbe wako uwe kama huu: "Bwana asifiwe kaka. Kesho naenda semina Dodoma, nalala hotelini siku mbili peke yangu. Nipigie saa 3 usiku." Mtu anayepokea ripoti za kuanguka tu huchoka, na wewe utaanza kumkwepa.

Hatua ya 8: Ukianguka

Ungama ndani ya saa ile ile. Usingoje Jumapili, wala usingoje "kujisikia" umetubu. 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama dhambi zetu, yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Taja tendo, omba msamaha, pokea. Hatari kubwa iko kwenye siku tatu nne zinazofuata, mtu anapojiadhibu kwa kuacha kusali na kuacha ibada, kisha anaanguka tena mara tano kwa sababu yuko mbali. Petro alimkana Bwana mara tatu, na Yesu alikuwa ameshamwambia kabla, kwenye Luka 22:32, kwamba amemwombea imani yake isitindike.

Kabla siku haijaisha mjulishe mtu wako. Kama umemdhuru mwingine, rekebisha: rudisha hela, omba radhi kwa mtoto uliyempiga. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Kisha fungua daftari, andika mlango wa kwanza ulioupita, na uzibe hiyo njia kesho yake mchana. Usiweke nadhiri. Mhubiri 5:5 inasema ni afadhali kutoweka nadhiri kuliko kuweka usiiondoe, na anayeapa akilia mara nyingi huishia na dhambi mbili badala ya moja.

Kukimbilia maombi ya kufunguliwa, yale ya kukemea mapepo, kila unapoanguka nako kuangaliwe. Hatukatai kwamba kuna vifungo vya namna hiyo. Lakini Wagalatia 5:19 inauweka uasherati katika matendo ya mwili, na mwili haukemewi ukatoka. Warumi 8:13 inasema unafishwa kwa Roho, na hiyo ni kazi ya kila siku.

Mambo yanayohitaji msaada zaidi

Anayekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla akiwa peke yake chumbani kwa maombi. Mwili uliozoea huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya siku moja, na katika siku mbili tatu za kwanza anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa hali ya kuhatarisha maisha. Apelekwe kituo cha afya, asimamiwe, na kanisa limwombee pale pale. Vivyo hivyo kwa mwenye dawa za kulevya, na kwa yeyote ambaye aibu imemfikisha kuwaza kujiua: huyo asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Na kwa aliyefanikiwa wiki sita au miezi sita, fungua Luka 4:13. Ibilisi alipomaliza kila jaribu alimwacha Yesu akaenda zake "kwa muda". Usirudishe simu chumbani kwa sababu umepona. Nafasi iliyobaki wazi ijaze, kama Yesu alivyoonya juu ya nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu: zile Jumamosi za mikeka ziwe za bustani, za mazoezi ya kwaya, za kucheza na wanao. Kila baada ya miezi mitatu rudia daftari kwa siku 14. Utakuta saa zimehama. Kijana aliyekuwa anahangaika na picha sasa ameoa, na daftari lake limejaa hasira na hela. Mistari yake mitatu ya zamani haimtoshi, na kazi inaanza upya kwenye hatua ya kwanza, ukurasa mweupe.